Ukuta Ulioegemea Kichuguu

Kichuguu kikipasuliwa kinatoa harufu yake. Si harufu ya shamba, wala ya vumbi la barabara likipigwa na mvua. Ni harufu ya kitu kilichofungiwa ndani miaka mingi, yenye uchachu kidogo, kama munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliolala siku mbili ndani ya dumu. Juzi nilikuwa Ruashi, hapa Lubumbashi, kule nyumba mpya zinakoota kama uyoga karibu na mgodi, nikapita mahali kijana mmoja alipokuwa akivunja kichuguu kwa sururu ili afyatue matofali yake. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Kijana akadhani nina mimba na natamani udongo wa kula. Alinichagulia kipande kizuri, akakipangusa kwenye shati lake, akanipa. Sina mimba, lakini nilikipokea nikakitafuna pale pale, na mdomo wangu wote ukarudi Katuba, nyuma ya nyumba yetu, mwaka ule baba alipotuacha.

Nimezunguka sana, wenzangu. Shule niliiacha mapema, kabla sijajifunza kukaa mahali pamoja. Nimeuza samaki wakavu Kasumbalesa, nimepika chakula cha wafyatua matofali Likasi, nimelala juu ya magunia ya mahindi kwenye malori ambayo sikujua yanaelekea wapi. Kila nilikofika niliuliza maswali mengi kuliko walivyotaka wenyeji. Mama aliniita Kapuku, panya mdogo, kwa sababu hapakuwa na tundu ambalo sikuingiza kidole. Na nyumba yetu ilikuwa na matundu.

Babu ndiye aliyeijenga. Wakati ule, watu wanasema, kila lupango la Katuba, yaani kiwanja na ua wake, lilikuwa na kichuguu chake, vingine virefu kuliko mapaa. Mtu hakwenda mbali kutafuta udongo. Alikivunja kichuguu chake, akaulowesha udongo, akaukanyaga na watoto wake, akafyatua matofali, akawasha tanuri pale pale uani. Ukitazama vizuri, nyumba nyingi za kwetu ni vichuguu vilivyogeuzwa umbo. Babu alichoma matofali ya vyumba vya mbele na ya sebule. Alipofika vyumba viwili vya nyuma kuni zilikuwa zimemwishia, au nguvu, akavijenga kwa matofali mabichi yaliyokaushwa kwa jua. Na nyuma ya chumba cha mwisho aliacha kisiki cha kile kichuguu, kimekaa palepale kwenye ukuta, kinamfikia mama kifuani. Majani yaliota juu yake, na kuku walipenda kulala pale jua likipungua.

Baba aliweka saruji vyumba vya mbele. Vya nyuma alivifunga. Ndani kulikuwa na baiskeli isiyo na magurudumu, magunia, meza yenye mguu mmoja mfupi, na popo waliokuwa wakituchungulia kati ya mabati. Kila kiangazi kilipoanza baba alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema mwaka huu tutavitengeneza. Kisha mvua za kwanza zinakuja, zile tunazoziita mvua ya maembe, na yeye anaziba matundu ya bati kwa lami na vitambaa, anafunga mlango tena. Ilunga, kaka yangu, alikuwa akisema baba anaogopa jasho. Alilisema kwa kicheko, naye baba alicheka.

Baba alikufa masika, kwa ugonjwa wa kifua uliomla polepole. Watu wake walishuka kutoka Mitwaba wakiongozwa na kaka yake mkubwa, ambaye sisi tulimwita baba mukubwa na ambaye nilikuwa sijawahi kumwona akitabasamu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini iliyofanya watu wanyamaze ili waisikie. Siku kilio kilipofungwa, watu wote wamekaa kwenye mikeka uani, alisimama akasema neno juu ya siku watakayorudi kumaliza matanga, kabla ya mvua, neno ambalo mpaka leo naweza kulirudia lilivyo.

"Tutarudia ku kumaliza kilio, mbele ya mvua. Siku ile tutalala mu bile byumba bya nyuma, byote mbili. Kama nyumba haiwezi kulalisha benyewe, haiko nyumba. Tutaiuzisha, kila muntu ashike fungu yake, na Mama Ilunga arudie kwabo."

Shangazi, dada yao, aliitikia kwa kutikisa kichwa kabla hajamaliza. Yeye alikuwa ameshaanza kupima sebule kwa macho tangu siku ya maziko. Mama alikuwa amefungwa kitambaa cheusi cha ujane kichwani na macho yake yalikuwa chini, kama inavyotakiwa kwa mjane. Lakini mimi nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake, nikaona vidole vyake vya miguu vimejikunja vikaushika mkeka.

Kwao mama hakukuwa na mtu tena. Neno "kwabo" lilikuwa barabara tu.

Kiangazi kilipokolea, mama alitoka asubuhi moja akiwa amevaa suruali ya baba. Ilunga alikuwa akinywa chai. Alitazama ile suruali, akaweka kikombe chini.

"Leo tunaanza byumba," mama akasema.

"Siye na nani?"

"Siye na siye."

Fundi hatukuwa na uwezo wa kumwita. Mama alikuwa akiuza mboga sokoni hadi saa sita, kisha anarudi, anavaa ile suruali, anaikaza kwa kamba, na kazi inaanza. Ilunga alikuwa kijana wa kumaliza sekondari, ana mikono mirefu na subira fupi. Mimi nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuingia mahali ambapo wengine hawakuenea.

Chumba cha kwanza kilitupa moyo. Tulitoa magunia na baiskeli, tukafukuza popo kwa moshi wa majani mabichi, wakatoka kwa wingi uliomfanya Ilunga ajifunike beseni kichwani na kukaa chini. Tulitelemsha mabati, tukayageuza upande ambao haukuliwa na kutu, tukayapigilia upya. Mama alichanganya udongo na mchanga, akausukuma ukutani kwa viganja, akaulainisha kwa nusu ya kibuyu. Kisha chokaa. Sitasahau siku ya chokaa: mawe meupe ndani ya pipa, mama anamwaga maji, na mawe yanapumua, yanachemka, yanatoa mvuke bila moto. Nilitaka kuingiza kidole, Ilunga akanidaka kwenye kola. Jioni kaka yangu alikuwa na kichwa cheupe kama mzee, na chumba kilikuwa na mwanga hata mlango ukiwa umefungwa. Mama alikaa katikati ya sakafu akakitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu maziko nilipomwona amekaa tu.

Lakini kilikuwa kimekula muda. Mijakaranda ya mjini ilikwisha kumwaga maua yake, joto likawa linaanza mapema asubuhi, na mchana mawingu yalianza kujipanga upande wa Zambia, yanakaa pale yanatuangalia, kisha yanaondoka. Kila yalipoondoka mama alishusha mabega.

Chumba cha mwisho kilihitaji udongo mwingi. Chini ya dirisha panya walikuwa wametoboa, na kona moja ilikuwa imeliwa mpaka unaona ua. Udongo mzuri wa kuziba ulikuwa mbali, kwa kuubeba kichwani. Na pale nyuma, kimegusana na ukuta, kilikaa kile kisiki cha kichuguu.

Mama alikizunguka. Alikipiga teke kidogo, kama mtu anayepima gurudumu la gari.

"Baba yenu hakupendaka tuguse hii," akasema.

"Papa hakupendaka kazi," Ilunga akajibu.

Mama alicheka, na alipocheka mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya. Kwetu, ukihitaji udongo na una kichuguu, unakichimba. Babu alifanya hivyo, jirani alifanya hivyo, mtaa mzima umesimama juu ya desturi hiyo. Nani angefikiri kwamba kile kipande kidogo kilichobaki kilikuwa na kazi?

Kilikuwa kigumu kama chuma. Tulikimwagia maji usiku, asubuhi Ilunga akapanda na sururu, na ile harufu ikatoka. Mimi nilikuwa nikimtafuta malkia. Nilikuwa nimesikia kwamba ndani kabisa kuna chumba chake, na kwamba yeye ni mnene kama kidole cha mtu mzima. Nilikuta kile chumba, kimelainishwa ndani kama bakuli, lakini kilikuwa kitupu. Mchwa walihama zamani. Nililamba ukuta wake, ulikuwa na chumvi kidogo. Wakati mimi nalamba, Ilunga alikuwa amefika chini ya ukuta wetu, na akasema, bila kuliwazia sana, "Huku hakuna mawe." Vyumba vingine vyote vilikuwa na mstari wa mawe chini. Upande huu matofali mabichi yalikuwa yamekaa moja kwa moja juu ya udongo, yamelaliana na kichuguu mgongo kwa mgongo. Mama alikuwa ndani akikanda. Alisema twende haraka, mawingu yamekuja.

Wa kwanza kugundua alikuwa mlango. Siku moja ulikuwa ukifunga vizuri, siku ya pili ukawa unakwangua sakafu.

"Mama, mulango unakataa," nikasema.

"Ni unyevu."

"Mvua haiyanyesha."

Niliingia ndani, nikapitisha kidole ukutani kama kawaida yangu, na kwenye kona ya dirisha kidole kikaingia mahali ambapo jana hakikuingia. Ufa. Mwembamba, unapanda kwenda kwenye bati kama mchirizi wa jasho. Sikujua la kufanya nao, basi nilifanya la kitoto: nilichukua udongo mbichi, nikatengeneza ndimi ndogo ndogo, nikazibandika juu ya ufa, moja chini, moja katikati, moja juu, kama plasta juu ya jeraha. Nilitaka nione kama utapona.

Asubuhi ndimi zote zilikuwa zimepasuka katikati. Nilimwita mama, naye akaja na hasira yake ya asubuhi, akaziona. Aliweka shavu lake ukutani, jicho moja limefumba, akautazama ukuta kwa urefu wake. Kisha akatoka nje polepole, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala.

"Inatembea," alimwambia Ilunga. Hilo tu.

Nikwambieni jinsi tulivyoogopa. Hatukuogopa ukuta. Tuliogopa baba mukubwa. Mtu wa soko alikwisha kuleta habari kwamba watu wa Mitwaba wako njiani, na kwamba njia ni kavu, lori litakimbia. Ukuta ukianguka kabla hawajafika, nyumba imeuzwa. Ukianguka wakiwa ndani, hilo hatukulitamka. Mjane ambaye ukuta wake unamwua kaka wa marehemu hapewi nafasi ya kueleza habari za udongo. Anaitwa mulozi, mchawi, na watoto wake wanaitwa watoto wa mulozi.

Tulijaribu kukirudisha kichuguu. Leo nacheka, lakini siku ile hatukucheka. Tulichukua udongo uliobaki, tukaulowesha, tukausukuma nyuma ya ukuta, tukaukanyaga, tukaupiga kwa mchi wa kinu. Mchwa walikuwa wameushika ule udongo kwa mate yao miaka mingi. Sisi tulikuwa na maji ya bomba. Ulikuwa unateleza na kukaa chini kama ugali ulioharibika.

Ndipo akaja Baba Salumu, jirani yetu, mtu wa asili ya Maniema, mshonaji wa kanzu. Alikuwa na miti mirefu ambayo jamaa zake waliitumia kusimamisha hema siku za ndoa. Aliibeba na wanawe, akaiweka uani.

"Hii miti imesimamisha ndoa mingi," alimwambia mama. "Muangalie isizoee kilio."

Tulianza kuegemeza ukuta kwa ndani, maana chini ulikuwa ukiteleza nje na juu unatuinamia. Mama anashika mti, bega limegandamiza, Ilunga anapiga mawe chini yake ili ukaze. Mti wa kwanza ulikaa. Tulikuwa kwenye wa pili, mama amepiga goti moja, kichwa chake kimegusa udongo, niliposikia geti la bati likilia, na sauti za watu wengi, na kikohozi kifupi ambacho nilikijua.

Walifika siku moja kabla ya siku yao.

Kwetu mjane hukimbilia wakwe zake mlangoni, anapiga magoti, anapiga makofi taratibu, anangoja ainuliwe. Mama hakutoka. Baba mukubwa alikuja mpaka mlango wa chumba cha mwisho, kofia mkononi, vumbi la njia yote ya Mitwaba limekaa kwenye nyusi zake. Nyuma yake alikuwa Shangazi, na nyuma ya Shangazi shingo za wengine.

"Mama Ilunga," akasema kwa ile sauti ya chini. "Unanisalimia na mugongo?"

"Unisamehe, Papa," mama akasema, bila kugeuka. "Nikiachilia huu muti, hautapata mwenye kukusalimia."

Ilunga alikuwa ameinua jiwe na hakujua kama alipige au aliweke chini. Baba mukubwa alimwangalia.

"Piga," akamwambia.

Ilunga akapiga. Mti ukakaza. Mama akauachia kidole kimoja kimoja, akageuka, akapiga magoti kwenye matope, akapiga makofi yaliyotoa sauti ya udongo.

Shangazi alikuwa amekwisha kuingia. Alipitisha mkono juu ya ufa wangu, akazing'oa ndimi zangu mbili, akazitupa. "Siye tunalia ndugu yetu, bo banachimba nyumba yake," akasema. "Iko wazi, kaka. Nyumba inajisemea yenyewe. Tuiuzishe ingali na bati juu, tusingoje iue muntu."

"Nani alichimba kule nyuma?" baba mukubwa akauliza.

Ilunga alifungua mdomo. Mama alikuwa wa kwanza. "Miye."

Baba mukubwa alienda dirishani, akatazama lile shimo kwa muda mrefu. "Baba yetu alitupigaka fimbo, miye na ndugu yangu, juu ya kupanda ku kile kichuguu," akasema, na sikuelewa alikuwa anamwambia nani. "Hii upande haina mawe. Mawe yake ilikuwa njo kile kichuguu."

Nje ngurumo ilipita, ndefu, kama mtu anayeburuta kabati. Watu wote walitazama juu. Alitoka akaenda chumba cha chokaa, kile cheupe, tulichokuwa tumekitandikia kitanda cha baba na shuka mpya. Alisimama mlangoni, akavuta hewa puani. Kisha akarudi kwenye chumba cha ukuta mbovu.

"Niko na usingizi wa njia," akasema. "Munitandikie hapa."

Mama alimfuata kwa magoti. "Papa, apana. Lala mu kile cheupe. Kitanda kiko tayari."

"Kile kina harufu ya chokaa. Kifua changu hakipendi."

"Papa, mvua inakuya."

"Nimeisikia."

Nikautazama uso wake nikauchukia. Niliona mzee mwenye kiburi aliyetukatalia chumba chetu kizuri, chumba kilichomfanya mama akae chini akitazame, akachagua aibu yetu ili ailalie mbele ya watu wote. Mama alitandika mkeka na blanketi karibu na mlango, mbali na ukuta. Mzee aliuvuta mwenyewe mpaka chini ya dirisha, akavua viatu, akalala chali, kofia juu ya tumbo.

Mvua ilikuja mara moja, yote. Wanaoijua mvua ya kwanza ya Lubumbashi wanajua kwamba haibishi hodi. Bati lilinguruma mpaka hatukusikiana. Mama alimshika Ilunga mkono, wakachukua majembe, wakatoka nje kwenye maji, na kupitia dirishani niliona wamekwenda pale nyuma, wanakata mfereji ili maji yaliyokuwa yanajaa kwenye shimo la kichuguu yakimbie. Mama alichimba kama anafukua mtu. Kitambaa cheusi kilimwanguka, hakukiokota. Sebuleni Shangazi alikuwa anasali rozari, na kila radi ilipopiga aliongeza sauti.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilikuwa nimebandika ndimi mpya mahali pa zile zilizong'olewa, nikawa nimezikodolea macho.

"Kapuku," sauti ikatoka chini ya dirisha. Sikujua kwamba alilijua jina langu hilo. "Unaangalia nini?"

"Udongo, baba mukubwa. Ukipasuka, ukuta unatembea."

"Na sasa iko inasema nini?"

"Haiseme kitu."

"Ikisema, uniambie. Ila polepole. Usipigishe shangazi yako kelele."

Ule wa chini ulipasuka ufa wa unywele. Nilisema, "Wa chini umesema, kiloko, kidogo tu." Akaitikia, "Eyo," kama mtu aliyeambiwa saa. Kisha bamba la udongo tuliousiliba siku ile, kubwa kama sinia, lilijibandua juu ya dirisha likamwangukia miguuni. Shangazi alisikia kishindo, akapiga yowe kule sebuleni akiita jina la kaka yake.

"Wacha," baba mukubwa akasema kwa nguvu ili asikike. "Nilikuwa na baridi, imenifunika."

Hakusogea. Nilipochungulia, macho yake yalikuwa wazi, na kiganja chake cha kushoto kimelazwa ukutani, kimetulia, kama unavyowekea mkono mgongoni mwa ng'ombe ili asiogope. Niliutazama ule ulimi wa katikati mpaka macho yakatoka machozi. Haukupasuka. Maji nje yalibadilisha sauti, yakaanza kukimbia badala ya kujaa. Bati lilipunguza kelele, likabaki linadondosha, na katika ule ukimya nikasikia jembe la mama bado linapiga.

Baba mukubwa aliketi. Alijipangusa udongo miguuni, akakunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe, akaenda sebuleni. Nilimfuata. Alisimama mbele ya watu wake wote.

"Nimelala," akasema.

"Umelala chini ya ukuta wenye kuanguka," Shangazi akasema. "Ulitaka kufa?"

"Njo nimelala. Bote mumeona."

Jioni, bila kusema neno, alihamia chumba cheupe, akalala mpaka asubuhi. Asubuhi aliwakuta jamaa zake kwenye chai, akasema tena, "Nimelala mu byote mbili," akaomba sururu na suruali ya kazi. Habari ya kuuza nyumba haikutajwa tena, wala siku ile, wala siku mama alipooshwa ujane na kufunguliwa kile kitambaa. Kabla hawajaondoka yeye na Ilunga walikuwa wamejaza mawe chini ya ukuta, na nyuma yake wakajenga nguzo nene ya kuuegemeza, mahali pa kile kisiki.

Hadithi hii nimeisimulia kwenye malori mengi, na kwa miaka niliisimulia vibaya. Niliisimulia kama habari ya mzee mwenye kiburi aliyetaka kutuaibisha, na ukuta ukamkatalia. Watu walicheka pale pa blanketi la udongo. Hadi siku moja, Likasi, niliposimulia mbele ya mwanamke aliyekuwa akipika nami, naye hakucheka. Aliuliza tu, "Kama chokaa ilimusumbua kifua, aliwezaje kulala mule usiku muzima?"

Niliacha kukoroga chungu. Hakukohoa. Nililala chumba cha kando yake, nilisikia anakoroma kama trekta, hakukohoa hata mara moja.

Neno lake la kwenye kilio lilikuwa limesemwa mbele ya watu, na mkubwa wa ukoo halimezi neno kama hilo. Lilikuwa limemfunga yeye kama lilivyotufunga sisi. Angelala kwenye chumba cheupe tu, Shangazi angeuliza, na kile kingine? Angelala wakati wa jua, angeambiwa ngoja mvua. Basi alipomwona mke wa ndugu yake amepiga goti anashikilia nyumba kwa bega, akaisikia ngurumo, alifanya hesabu yake pale mlangoni, na akalipeleka neno lake mwenyewe mpaka mwisho, chali, kofia juu ya tumbo. Na baba yangu, ambaye tulimcheka kwamba anaogopa jasho, alichapwa fimbo ile ile utotoni. Alijua ukuta umeegemea nini. Hakutuambia, labda kwa sababu alidhani atakuwepo.

Baba mukubwa alikwisha kufa, sikuwahi kumwuliza. Lakini mama bado anakaa Katuba, ndani ya nyumba ile. Baada ya ule udongo wa Ruashi nilipanda basi nikaenda kwake. Nilimkuta nyuma, kwenye kivuli cha ile nguzo, anachambua mboga. Nikamweleza yote niliyoyafikiri, nikamwuliza kama siku ile, pale kwenye mvua, alijua mzee alikuwa anafanya nini.

Alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na kidole ndani ya tundu.

"Kapuku," akasema, "ulizania ule mufereji nilichimba juu ya kuokoa ukuta, si mwenye alilala chini yake?"

Akarudi kwenye mboga zake. Niliweka kiganja ukutani, pale chini ya dirisha. Ulikuwa na joto la mchana, na haukusema kitu.